Bi Sabuni na Sifuri za Wikendi

Mpwa wangu huitwa Bi Sabuni. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alibatizwa na wahudumu wa hospitali anakofanya kazi, mwanzoni kwa kejeli, baadaye kwa mazoea, na siku hizi hata mganga mkuu akimtaka husema, "Hebu niitieni Bi Sabuni." Yeye hakasiriki. Anasema wapo walioitwa majina mabaya zaidi na hawajaosha hata kijiko.

Ni muuguzi wa kuzuia maambukizi. Usimchanganye na yule anayekuchoma sindano. Huyu ni yule anayesimama pembeni kumtazama anayekuchoma sindano, kama amenawa. Kidonda cha mtu aliyepasuliwa kikianza kutoa usaha, yeye huuliza kimeanza lini, nani alikifunga, na bandeji ilitoka wapi. Mgonjwa akiharisha wodini, yeye ndiye wa kusema, "Huyu atengwe, choo hiki kifungwe, hapa pamwagwe klorini." Hospitali ile ina wodi tisa na vitanda mia mbili na kitu. Walinzi wapo sita. Bi Sabuni yupo mmoja.

Mimi huwaambia watu wa mtaani kuwa akili hiyo kaitoa upande wetu, upande wa mjomba. Dada yangu, ambaye ndiye mama yake, husikia na kuguna. Ni kweli mimi shule niliishia darasa la sita, lakini la sita nililisoma mara mbili, na ukijumlisha vizuri unapata kumi na mbili, sawasawa na yeye kabla hajaenda chuo cha uuguzi. Yeye alikwenda chuo, mimi nikaenda kwenye ufundi wa baiskeli, na mpaka leo hakuna baiskeli iliyonishinda labda iwe imeibiwa.

Tangu mdogo alikuwa hivyo hivyo. Wenzake walicheza harusi na wanasesere. Yeye wanasesere wake wote walikuwa wamelazwa. Aliwapanga kwenye mkeka, mmoja hapa, mwingine kule, na ukimsogeza mmoja karibu na mwenzake unaambiwa, "Mjomba, huyo ana surua!" Tulicheka. Hatukujua kuwa tunaangalia mtu akianza kazi.

Sasa sikiliza ilikokuwa shida. Ratiba yake ilikuwa Jumatatu mpaka Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Vijidudu vya maradhi havikuwahi kuonyeshwa ratiba hiyo. Jumamosi na Jumapili hospitali ilijaa kama kawaida, wagonjwa waliingia, vidonda vilifungwa, lakini mtu wa kuuliza maswali hakuwepo. Miaka miwili mpwa wangu alikwenda mwenyewe kila wikendi, bila zamu na bila kutumwa. Dada yangu alilia naye: "Mwanangu, utaolewa na ndoo ya klorini." Kisha muuguzi mkuu akampiga marufuku. "Usije siku ambayo jina lako halipo kwenye zamu. Ukijichoma sindano Jumapili, mimi nitajibu nini?" Hilo nalo ni neno, mtu hawezi kulikataa.

Basi akakaa nyumbani. Na kila Jumatatu alikuta mzigo. Alizunguka wodini asubuhi, akawakuta wenye homa mpya, wenye kuharisha, wenye vidonda vilivyochacha, akawaandika kwenye fomu yake siku aliyowagundua, yaani Jumatatu. Visanduku vya Jumamosi na Jumapili aliviacha vitupu, kwa sababu hakuwepo na yeye hasemi asichokiona. Fomu ilipofika kwa karani wa takwimu, kompyuta yake haikukubali kisanduku kitupu. Karani, mtu mpole asiyependa kugombana na mashine, akaweka sifuri. Wiki baada ya wiki, mwaka mzima. Jumamosi sifuri, Jumapili sifuri, Jumatatu kumi na mmoja.

Mpwa wangu alipoandika barua kuomba apatikane mwenzake wa kushika wikendi, wakubwa walifungua takwimu. Wakaona wikendi hospitali ni safi kama sahani ya bibi harusi. Maradhi huanza Jumatatu, siku Bi Sabuni anapoingia kazini! Hapo ndipo lilipotoka wazo la ajabu. Kama asipokuwepo ni sifuri, kwa nini awepo? Ikachapwa barua ya kumhamishia kliniki ya watoto, na kazi ya kuzuia maambukizi ifanywe na wauguzi wote kwa pamoja. Sufuria ya watu wote, unajua mwenyewe, hukosa wa kuisugua. Barua ilibaki kutiwa sahihi tu. Mganga mkuu alisema ataamua Jumatatu, baada ya kupita wodi ya upasuaji wa wanaume na kujionea.

Na wodi hiyo ndiyo niliyokuwa nimelazwa mimi.

Nilipasuliwa ngiri siku ya Alhamisi. Niliingia chumba cha upasuaji nikiwachekesha, nikatoka nimelala, nikaamka kitanda namba nne. Ijumaa saa kumi mpwa wangu alikuja kuniaga. Alikuwa na uso wa mtu aliyepoteza funguo.

"Mjomba, tafadhali. Tulia. Usitembeetembee."

"Mimi? Nitakuwa kama picha ukutani."

"Nakujua."

Alikuwa hajafika getini nikaanza kufahamiana na jirani. Kitanda cha tano alilala mwalimu mstaafu mwenye kidonda cha mguu, mtu wa maneno makubwa, aliyeletwa mchana ule akisema tumbo halimkai sawa. Kitanda cha sita dereva wa lori aliyevunjika paja, mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe ya mizani. Kitanda cha nane, karibu na mlango wa choo, mzee mmoja mkimya mwenye maradhi ya figo, ambaye mkewe alikuja kila siku kumpangusa uso na kumsomea ujumbe wa simu kutoka kwa watoto.

Ijumaa jioni mwalimu akaanza kuharisha. Alikwenda na kurudi akishika ukuta. Jumamosi asubuhi alikuwa amechoka lakini mdomo ungali mzima, nami nilikuwa na karata mfukoni mwa koti. Unafikiri nini kilifuata? Nikasogeza kistuli katikati ya kitanda cha nne na cha tano, dereva tukamrushia zake kitandani, tukacheza mpaka saa tano. Mwalimu alikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kuchomoa karata. Niliiona. Nilisema moyoni, huyu kasoma, anajua anachofanya.

Nesi wa zamu alikuwa mmoja kwa wagonjwa thelathini na wawili. Nilimhesabia hatua zake mpaka nikachoka mimi niliyelala. Alitoka dripu hii akaingia dripu ile, simu inalia, huku mtu anaita, kule mtu anatapika. Ile chupa ya dawa ya kupaka mikononi iliyobandikwa ukutani iliisha saa nne. Aliibonyeza mara tatu, ikatoa pumzi tu, akaendelea na safari.

Saa tisa alasiri ndugu wa wagonjwa waliruhusiwa kuingia, na mpwa wangu akaingia nao, na kapu la machungwa kama ndugu wa mtu yeyote. Hakuwa na sare. Alifika kitandani kwangu, akanusa, akageuka polepole kumtazama mwalimu.

"Tangu lini?" akamuuliza.

"Tangu jana, binti yangu. Nimehesabu safari tisa."

Akaweka machungwa chini, akamfuata nesi. Niliwasikia, maana sikio langu ni zima kuliko tumbo.

"Dada, yule wa tano inafaa atengwe sasa hivi. Kile chumba cha pembeni."

"Kimefungwa, Bi Sabuni. Ufunguo anao mtu wa stoo, na mtu wa stoo ni Jumatatu."

"Klorini?"

"Iko stoo."

"Basi mwite daktari wa zamu aidhinishe mlango uvunjwe."

Nesi akamwangalia kwa huruma. "Daktari yuko chumba cha upasuaji tangu saa sita. Nikimwambia nivunje mlango kwa sababu mtu anaharisha, atauliza nani kasema. Nimwambie nani? Leo wewe ni mgeni wa kitanda namba nne."

Nilimwona mpwa wangu akisimama pale katikati ya wodi, mikono imemkaa kama si yake. Anajua kila kitu cha kufanya, na hakuna hata kimoja anachoruhusiwa. Alitoa kipande cha sabuni kwenye mkoba wake, akakiweka kwenye sinki, akazunguka kitanda hadi kitanda akiwaambia wagonjwa wanawe kwa maji na sabuni, hasa wakitoka chooni. Kisha akaniinamia.

"Mjomba, usimshike mwalimu mkono. Usile chake, usiguse chake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Karata zilikuwa chini ya mto wangu. Nilizikalia kama kuku anavyokalia mayai.

Alipotoka tukacheza tena.

Jumapili saa nane mchana tumbo langu likaunguruma. Nikalikanya. Saa tisa wakaja wageni wangu: shemeji zangu wawili na mafundi wenzangu watatu, na mimi nilikuwa katikati ya kuwasimulia jinsi daktari alivyosema hajapata kuona tumbo gumu kama langu. Mara likanishika. Nilitelemka kitandani nikibana mshono kwa mkono mmoja, na kwingine kwa nia.

"Unakwenda wapi?" shemeji akauliza.

"Kunyoosha miguu. Daktari kasema nitembee."

Niliinyoosha miguu ile mara sita kabla wageni hawajaondoka. Mwenye ngiri iliyoshonwa juzi akiharisha, anajua mwenyewe anachokipata. Sitakielezea, lakini niliwakumbuka watu wote niliowakosea. Nesi aliponipita akauliza, "Baba, uko salama?" nikamwambia ni gesi. Dereva hakuweza kwenda popote na mguu wake wa kamba. Aliomba beseni la choo akidai ni mazoea yake ya Jumapili. Wote tulikuwa tumesikia kuwa mwenye tumbo baya haruhusiwi kwenda nyumbani. Na mimi juu ya hilo nilikuwa na heshima yangu mtaani.

Mzee wa kitanda cha nane hakuficha. Hakuwa na nguvu za kuficha. Alianza Jumapili jioni, na mkewe akabadilisha shuka mara mbili kwa mikono yake, akizikunja kwa utulivu kama nguo za kanisani. Huyu hakugusa karata yoyote. Alipakana na choo tulichokuwa tukikimbilia mimi na mwalimu.

Jumatatu saa mbili na nusu wakaja. Mganga mkuu mbele, mtu mrefu mwenye miwani ya kushusha puani; muuguzi mkuu nyuma yake na mafaili; mpwa wangu mwisho, fomu mkononi. Mzee wa kitanda cha nane alikuwa tayari ana dripu mbili na macho yameingia ndani. Muuguzi mkuu akasoma taarifa ya asubuhi: wanne wanaharisha, maana alfajiri ile nesi alitufumania mimi na dereva na gesi zetu.

"Unaona, daktari?" akasema. Hakusema kwa ubaya, alisema kwa uchovu. "Jumatatu. Wikendi nzima taarifa ya wodi haina kitu. Leo kaingia, wanne."

Mganga mkuu akamgeukia mpwa wangu. "Una la kusema?"

"Naomba nibadilishe swali moja tu," akasema. "Fomu inauliza nimewagundua lini. Naomba niwaulize wameanza lini."

Akaanza na mwalimu. Mwalimu akajibu Ijumaa, lakini muuguzi mkuu akasema huyo aliingia na lake kutoka nyumbani, hahesabiki. Mzee wa nane alikuwa amelala, na mkewe alikuwa ametoka kutafuta maji. Akamfikia dereva.

"Umeanza lini, kaka?"

Dereva akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

"Leo," akasema dereva. "Asubuhi hii hii."

Mpwa wangu akaandika. Niliona kalamu inavyokwenda taratibu. Akaja kwangu.

"Na wewe, Mjomba?"

Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, na aliyekuwa anaumbuka hakuwa mimi. Alisimama mbele yangu yule mtoto wa wanasesere, na nyuma yake ile barua ndani ya faili la muuguzi mkuu, na neno moja la uongo mdomoni mwangu lingetosha kuifanya itiwe sahihi. Na neno la kweli nalo lilikuwa na mkia: ukilivuta, linakuja na karata.

"Leo," nikasema.

Akaandika. Hakunikazia macho. Angenikazia, labda ningeshupaa. Mimi ni mtu wa ubishi. Aliinamisha kichwa tu akasema, "Pole, Mjomba," akageuza ukurasa.

Pole ile ndiyo iliyoniangusha.

"Futa," nikamwambia. "Futa hapo. Jana. Saa nane mchana liliunguruma, saa tisa nikaanza. Waulize shemeji zangu, walidhani nafanya mazoezi ya mbio."

Mganga mkuu akashusha miwani. "Mbona hukumwambia nesi?"

"Niliona haya, daktari. Na nesi mwenyewe alikuwa mmoja na sisi thelathini na wawili, angenisikilizia wapi? Halafu kuna hili." Nikatoa karata chini ya mto. "Tulicheza na mwalimu Jumamosi asubuhi na alasiri. Mpwa wangu alinikataza nikamficha. Dereva naye alianza jana, kabla ya chakula cha jioni. Mwulize mbele yangu kama atakana."

"Saa kumi na moja," dereva akasema, sauti ndogo kuliko mwili. "Samahani, dada. Nilitaka niende nyumbani Jumatano."

Mke wa mzee wa nane alikuwa ameshasimama mlangoni na ndoo. "Mume wangu alianza jana saa kumi na mbili," akasema. "Hakuna aliyeniuliza." Akanitazama mimi na karata zangu. Sijui nimwelezeje mtu macho yale. Hayakuwa ya hasira.

Muuguzi mkuu alikuwa amekunja midomo. "Basi huu ni uzembe wa wagonjwa. Mtu mzima kakatazwa, kacheza karata. Muuguzi wa wikendi angefanya nini?"

"Angezichukua," akasema mpwa wangu.

Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. "Jumamosi nilikuwa hapa, mama. Kama mgeni. Nilijua mwalimu atengwe, nikaambiwa ufunguo ni Jumatatu. Nilimkataza mjomba wangu, lakini mgeni hapekui mto wa mgonjwa. Ningekuwa kazini ningeupekua, ningezichoma hizo karata, mlango ungefunguliwa, choo kile kingefungwa, na huyu mzee asingekuwa na dripu mbili. Sina zaidi."

Ile chupa tupu ya ukutani, mganga mkuu aliifikia akaibonyeza, labda kwa mazoea tu. Ikatoa pumzi. Akaibonyeza tena. Akamtazama muuguzi mkuu, muuguzi mkuu akatazama sakafu, kisha akasema polepole, "Zile sifuri. Nani huziandika?"

"Karani," akasema mpwa wangu. "Kisanduku kitupu kompyuta haikitaki."

"Mwaka mzima nimezisoma mimi hizo sifuri kwenye vikao." Muuguzi mkuu akalifungua faili, akaitoa ile barua, akaikunja mara nne. Hakuichana. Wakubwa hawachani karatasi mbele ya wagonjwa.

Haikuwa ushindi wa kupiga vigelegele. Walikubali afundishwe muuguzi mmoja kutoka wodi ya akina mama, wapokezane wikendi na mpwa wangu, kwa majaribio ya miezi mitatu, na anayeshika wikendi moja apumzike katikati ya wiki. Ufunguo wa chumba cha pembeni ukahamia kwenye droo ya nesi. Fomu ikaongezwa mstari mmoja: siku dalili zilipoanza. Mzee wa nane alikaa siku kumi na tisa zaidi kuliko alivyopangiwa, akaenda nyumbani akiwa mwembamba, lakini kwa miguu yake. Nilikwenda kumwomba radhi kitandani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Sogea kidogo, unanizuia upepo." Nikasogea.

Mpwa wangu hakunisemesha wiki tatu. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari hizi alisema niandike yote au nisiandike kabisa, ndiyo maana umelisoma hata lile la beseni.

Jumamosi ya kwanza ambayo zamu ilikuwa ya mwenzake, nilikwenda kwa dada yangu asubuhi nikamkuta Bi Sabuni amelala kwenye kochi, simu juu ya kifua. Saa nne ikalia. Nikaona ataruka na viatu.

"Halo? ... Wangapi? ... Wameanza lini? ... Ufunguo upo kwenye droo, wa pili kushoto. Mtenge kwanza, fomu baadaye." Akasikiliza. Akatikisa kichwa kana kwamba mwenzake anamwona. "Hapana, siji. Umeshafanya kila kitu."

Akakata simu, akaiweka sakafuni, akavuta kanga mpaka masikioni.

"Mjomba," akasema ndani ya kanga, "ukitaka kuongea, kaongee nje."